Nyumba Bora ni Ile Inayolalika



Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tunakualika uingie pamoja nasi katika nyumba moja ya Buhemba, saa nane mchana, mwishoni mwa Februari, wakati mawingu ya masika yanakusanyika na mvua bado haijanyesha. Ukiitazama kutoka barabarani utaisifu: kuta za matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, paa la bati linalong'aa. Lakini ndani karibu hakuna mtu. Mama mwenye nyumba ametandika mkeka chini ya mwembe wa jirani na kumlaza mtoto wake mchanga hapo. Aliyebaki ndani ni bibi mgonjwa asiyeweza kutembea. Amelala akitweta, amefunikwa khanga iliyochovywa majini. Nyumba iliyomeza akiba ya miaka mingi haikaliki tangu saa tano asubuhi hadi jua linapopunga.

Hali hii twaiona kijiji hata kijiji, kuanzia Buhemba na Butiama hadi Bunda na kando ya ziwa kule Musoma. Tumeizoea mno hata hatuiiti tena shida. Twasema, "Ndicho kiangazi," kisha twahamia kivulini. Katika kurasa hizi tunataka kusema kwamba joto la ndani ya nyumba si majaliwa, wala si adhabu ya kuwa maskini. Linatokana na jinsi tunavyojenga, na pia na nani anayeulizwa na nani asiyeulizwa wakati ramani inapochorwa. Kwa hiyo laweza kupunguzwa, tena kwa gharama ndogo. Na pale linapowaangukia wasioweza kujisemea, kulipunguza ni deni la haki.

1. Tulifikaje hapa?

Wazee wetu wa Mara walijenga nyumba za msonge: ukuta wa miti na udongo, na paa nene la nyasi lililoshuka hata mtu akalazimika kuinama ili aingie. Nyasi zile zilishika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Kushuka kwa paa kuliukinga ukuta usipigwe na jua. Hatusemi kwamba nyumba zile hazikuwa na kasoro. Zilikuwa na giza na moshi; panya na nyoka walijificha ndani ya nyasi; cheche moja iliweza kuteketeza mali yote; na kila baada ya miaka michache ilibidi kuezeka upya. Aliyewahi kuamka usiku wa manane kuhamisha vitanda kwa sababu paa linavuja, hawezi kulaumiwa kwa kulitamani bati.

Kisha yakaja mabadiliko makubwa. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, kaya nyingi zilihamishwa kutoka maboma yaliyotawanyika na kupangwa kwa safu kando ya barabara. Makusudi yaliyotajwa yalikuwa mema: kuwafikishia watu maji, shule na zahanati. Lakini nyumba iliyopangwa kwa kufuata barabara haikupata nafasi ya kufuata jua wala upepo. Pale barabara ilipokwenda kutoka kaskazini hadi kusini, safu nzima ilielekeza ubavu wake mrefu kwenye jua la alasiri. Katika miaka hiyo hiyo ilihimizwa kampeni ya nyumba bora, na katika mawazo ya wengi neno "bora" likabaki na maana mbili tu: saruji na bati.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwana wa Butiama, jirani yetu kabisa, alilikemea wazo hilo mapema. Mwalimu Julius Nyerere, katika taarifa yake ya mwaka 1977 juu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alisikitika kuona watu wakingojea saruji na bati kana kwamba hakuna kitu kingine cha kujengea, hali udongo wa kufinyangia matofali na vigae wanaukanyaga kila siku. Kwa maoni yake, kigae ni bora kuliko bati, na kilichokosekana hakikuwa vifaa bali uhuru wa fikra. Karibu nusu karne imepita. Vigae havikuenea, bati limeenea.

Buhemba ina historia nyingine inayofaa kukumbukwa. Hapa dhahabu ilichimbwa tangu enzi ya ukoloni. Katika migodi na mashamba makubwa ya Afrika Mashariki ya wakati ule, ilikuwa desturi nyumba za wakubwa wa Kizungu kuwekwa mahali pa juu penye upepo, zikiwa na dari iliyoinuliwa na baraza pana. Vibarua walipewa vyumba vilivyobanana katika kambi. Elimu ya kupoza nyumba ilijulikana, ila haikugawanywa. Hata leo, wachimbaji wadogo wanaoifuata dhahabu hulala chini ya maturubai na ndani ya vibanda vya mabati ambavyo mchana havitofautiani na tanuri.

2. Jua, bati na jasho

Ili tuamue vema, yatupasa kwanza kuelewa. Buhemba haifiki nyuzi 2 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo adhuhuri jua hutupitia juu sana mwaka mzima, na hutukalia utosini hasa mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Maana yake ni kwamba mlango mkuu wa joto ni paa. Wa pili ni ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri wakati hewa yenyewe imekwisha kupata moto. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua kidogo zaidi, nalo hukingwa na upenu wa kawaida.

Bati ni jembamba. Likipigwa na jua la adhuhuri laweza kuvuka nyuzi 60 za Sentigredi. Pasipo dari, joto hilo hutuangukia vichwani kama tunavyolisikia joto la moto tukiwa tumekaa mbali nao kidogo. Ndiyo sababu mtu hufungua madirisha yote na bado akaona kichwa kinamwaka. Bati lililoshika kutu ni baya zaidi, kwa kuwa kitu cheusi hunywa jua. Usiku bati hupoa upesi, lakini kuta za matofali ya saruji zilizokunywa joto mchana kutwa hulirudisha polepole chumbani, saa zile zile ambazo mtu anatafuta usingizi.

Jambo jingine ni unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho hupoza pale tu linapokauka. Karibu na ziwa, na hata huku kwetu mvua zinapokaribia, hewa imeshiba maji. Jasho hutiririka lisikauke. Katika siku za namna hiyo, kumwaga maji sakafuni ndani ya chumba kilichofungwa ni kuongeza mvuke juu ya mvuke. Kinachofaa ni upepo unaougusa mwili, nao haupiti katika chumba chenye tundu moja. Upepo ni kama mgeni: hauingii mahali pasipo na njia ya kutokea.

3. Yaliyo ndani ya uwezo wetu

Hatumwambii mtu yeyote aezue bati lake. Bati lina faida kubwa: haliwaki kama nyasi, hudumu miaka mingi, na hutupatia maji safi ya mvua yanayowapunguzia akina mama safari ya kisimani. Tunachosema ni kwamba bati peke yake si paa lililokamilika. Linahitaji mwenzake chini yake, nayo ni dari.

Dari si lazima iwe ya vifaa vya dukani. Matete au mianzi iliyofungwa vizuri, mikeka, hata magunia yaliyoshonwa pamoja na kupigiliwa kwenye mbao chini ya kenchi, hulizuia joto la bati lisitushukie moja kwa moja. La muhimu ni kuacha nafasi ya hewa kati ya bati na dari, na kuipa hewa hiyo moto pa kutokea: matundu mawili yanayotazamana, moja katika kila ncha ya nyumba, juu kabisa ya ukuta chini ya paa. Matundu hayo yawambwe wavu ili mbu na popo wasiingie. Dari ya matete au magunia isiwekwe mahali panapowashwa moto. Na tangu hapo, jiko lenye mafiga halistahili kuwa ndani ya nyumba ya kulala. Jiko lililojengwa kando huondoa moshi na joto kwa mara moja.

Hatua ya pili ni rangi. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto. Anayekinga maji ya mvua aulize kwanza rangi isiyo na madini ya risasi, maana hatupozi nyumba ili tuwanyweshe watoto sumu.

Ya tatu ni kivuli. Mwembe au mwarobaini uliopandwa upande wa magharibi, umbali wa kutosha mizizi isiguse msingi, utaukinga ukuta ule kwa vizazi. Miche haingoji mkopo. Upande wa baraza, mtu aweza kupandisha mpesheni au mmea mwingine utambaao, akapata kivuli na matunda ndani ya muda mfupi.

Ya nne ni utaratibu wa kufungua na kufunga. Usiku na alfajiri, hewa ya nje ikiwa baridi, madirisha yawe wazi ili kuta zipoe. Mchana mkavu, nje kukiwa na moto kuliko ndani, upande wenye jua ufungwe. Siku za mvuke, madirisha yanayotazamana yaachwe wazi upepo upite. Lakini tusiwadanganye watu: mjane anayeishi peke yake hawezi kulala na dirisha wazi kama halina nondo wala wavu. Kwake yeye nondo na wavu si pambo. Ndivyo vinavyomruhusu kupumua usiku.

Anayejenga upya ana nafasi zaidi. Kabla ya kuchimba msingi, akae kiwanjani siku mbili tatu na kuutazama moshi wa jiko unaelekea wapi asubuhi na wapi jioni. Ubavu mrefu wa nyumba aulaze kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini, na paa litokeze nje ya ukuta walau hatua moja. Ukuta mnene wa matofali mabichi ya udongo, ukijengwa juu ya msingi wa mawe na kukingwa na upenu mpana, hulichelewesha joto na kumgharimu mtu nguvu zake kuliko fedha zake. Matofali ya kuchoma tunayoyasifu yanameza kuni nyingi, na miti inayokatwa kwa ajili ya tanuru ndiyo ile ile iliyokuwa ikitupa kivuli. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi ulihimiza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo na saruji kidogo, bila kuchomwa. Kikundi kimoja cha vijana chenye mashine moja chaweza kulihudumia eneo kubwa.

Umeme nao umefika katika vijiji vingi. Basi tupige hesabu. Feni ya wati 60 ikifanya kazi saa 8 hutumia karibu nusu yuniti. Kiyoyozi cha wati 1,000 kwa muda huo huo hutumia yuniti 8, yaani zaidi ya mara kumi na sita. Katika nyumba yenye dari na kivuli, feni yatosha. Katika nyumba ya bati tupu, hata kiyoyozi hushindana na jua lililoko juu yake, na mwenye nyumba ndiye anayeulipia ushindani huo.

4. Kwa nini twaliita jambo la haki?

Wako watakaotuuliza: "Watu hawajashiba, nanyi mwazungumzia ubaridi?" Swali hili ni la haki, nasi hatulikwepi. Lakini njaa na joto havishindani. Mara nyingi humwendea mtu yule yule. Mkulima aliyekesha kwa joto huenda shambani amechoka. Mtoto aliyekesha husinzia darasani. Na chandarua tulichopewa ili kutukinga na malaria, wangapi tumekiweka kando kwa sababu ndani yake hakuna hewa? Mbu waenezao malaria hupenda kuingia kwa mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Tukiuziba mwanya huo bila kuweka madirisha yenye wavu, tumewazuia mbu na tumeuzuia upepo pia, na mwenye nyumba atauzibua tena usiku wa kwanza wa joto. Katika vijiji vya Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 za mfano zenye vyumba vya kulala ghorofani na kuta zinazopitisha upepo kupitia wavu, ili kuona kama nyumba yenyewe yaweza kulinda afya ya watoto. Kwamba jambo hilo linachunguzwa kwa uzito namna hiyo ni ushahidi kwamba nyumba ya baridi si anasa.

Mtu binafsi anayejenga kwake ana uhuru wa kuchagua na kukosea. Majengo ya umma ni jambo jingine, maana hujengwa kwa kodi, michango na nguvu za watu, na wanaoyatumia hawana pa kwenda. Mwanafunzi hawezi kuhamia chini ya mwembe somo likiendelea. Mama aliyeshikwa na uchungu hachagui chumba. Mwaka 2021, kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3, serikali ilianzisha ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000 nchini, na wananchi wengi wakashuhudia jinsi jengo linavyoweza kusimama kwa miezi michache. Kasi ile ilikuwa neema. Lakini kasi hutaka ramani ya namna moja, na nchi yetu si ya namna moja: jengo liwafaalo watu wa Makete, wanaoamka na baridi kali, haliwezi kuwafaa watu wa Musoma bila kurekebishwa.

Tazama pia stoo ya dawa. Dawa nyingi zimeandikwa kwenye boksi zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na ni sawa mganga kuhakikisha agizo hilo linafuatwa, kwa sababu dawa iliyoharibika haitibu. Twauliza tu: kama tunajua kiwango cha joto ambacho kidonge hakiwezi kukivumilia, mbona hatujiulizi mgonjwa aliyelala chumba cha pili anavumilia kiwango gani?

Hapo ndipo tunapoona kwamba ubaridi umefanywa cheo. Mkubwa hupewa ofisi yenye kiyoyozi. Wanaomngojea husimama kwenye ukuta wa magharibi bila upenu. Ile desturi ya wakubwa kukaa penye upepo na vibarua kubanana kambini haikuondoka na wakoloni. Imebadilisha wenyeji tu. Hatudai kila mtu apewe kiyoyozi. Twadai kwamba fedha ya kununulia kimoja, na ya kukilisha umeme mwaka baada ya mwaka, ipimwe mbele ya dari na baraza ambazo zingewapoza wengi.

5. Tutende nini?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeupa Mkutano Mkuu wa Kijiji mamlaka ya juu katika kijiji. Tuutumie. Kabla ya kukubali kuchangia mchanga, mawe au fedha kwa jengo lolote, kila mwanakijiji ana haki ya kusimama na kuuliza maswali manne. Ubavu mrefu wa jengo umeelekezwa wapi? Dari imo katika bajeti, au imeachwa "mpaka fedha ikipatikana"? Upepo utaingilia wapi na kutokea wapi? Miti itapandwa upande gani, na nani atakayeimwagilia kiangazi? Kamati ya ujenzi isiyoweza kuyajibu haijawa tayari kupokea jasho la watu.

Akina mama waulizwe kwanza, maana wao ndio wanaoshinda nyumbani na ndio wanaojifungulia zahanati. Mafundi wetu nao wasidharauliwe. Fundi anayejua kusoma upepo afundishe wenzake. Na kwa wale wasio na nguvu, yaani wazee, wajane na wagonjwa, tuurudishe ujima wa zamani. Siku moja ya kazi ya majirani kumi, na matete waliyoyakata wenyewe, yatosha kumwekea dari bibi yule tuliyemkuta akitweta. Tunaandika haya kabla ya masika. Yeye hana sababu ya kungoja kiangazi kijacho.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni nani wanaoteseka zaidi kwa joto la ndani ya nyumba, na ni nani anayewafahamu kwa majina?

2. Shule na zahanati yetu zimeelekea wapi? Zina dari? Zina kivuli upande wa magharibi?

3. Tunaposema mtu fulani ana "nyumba bora", tunatazama nini: anayepita barabarani, au anayelala ndani?

4. Ni nyumba ipi moja ambayo tunaweza kuiwekea dari kwa mikono yetu kabla ya mwezi huu kwisha?